Msituambie tujikaze, maumivu yetu yanakuja keshokutwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mi naishi na siringomielia, yaani ndani ya uti wa mgongo, kwenye ile kamba ya neva yenyewe, kuna uwazi umejaa maji na yale maji yanabana neva, ndo maana mikono inakufa ganzi, mabega yanawaka, na sufuria ya moto naweza kuishika nisisikie chochote mpaka nione ngozi imetoka malengelenge.

Kinachoniumiza zaidi ni hilo neno "jikaze". Watu wanakuona Jumamosi unahamisha vitu ndani unacheka wanasema huyu mzima kabisa, Jumatatu hawapo. Juzijuzi nilisaidia kuinua godoro, mara moja tu, siku ile sikusikia kitu, kesho yake mabega yakaanza, keshokutwa asubuhi vidole vikagoma kabisa kufunga shati. Nimekaa kitandani nahangaika na kifungo kimoja cha juu, kinateleza, kinateleza, mpaka mwanangu akaja kunifungia. Wiki nzima ndo nikarudi kama nilivyokuwa. Sasa mwambie mtu kwamba chanzo ni godoro la juzi, anaona unatafuta kisingizio!

Na sio uzito peke yake. Ukibana pumzi wakati unainua, ukikohoa sana, hata ukijikamua chooni, presha inapanda mpaka kwenye maji ya uti wa mgongo na dalili zinaamka.

Ila na wale wanaosema lala tu usifanye kitu nao wanakosea, nimeshawasikiliza, misuli ikalegea, viungo vikakakamaa na maumivu yako palepale. Kilichonisaidia ni kutembea dakika 10 halafu nasimama hata kama bado nasikia nina nguvu (hapo ndo pagumu hasa), siongezi mpaka siku mbili zipite niuone mwili unasemaje. Mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akanifundisha pia kutoa pumzi wakati nainua, sio kuibana.

Lakini udhaifu mpya usioisha, au mkojo kugoma kutoka au kutoka wenyewe, au ganzi sehemu za siri, hiyo usisubiri kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mhariri, mkiandika habari za mazoezi kwenye kurasa zenu za afya mnasema fanya mpaka jasho litoke. Naomba muweke na sisi humo, hata mistari miwili, maana ndugu zetu na mabosi wetu wanawasoma nyie kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Msomaji wenu wa siku nyingi