Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mpime Mtoto Mashine Ikiwa Imezimwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu na heshima zangu zikufikie, wewe pamoja na wote unaofanya nao kazi wizarani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara: vishikwambi, programu za kujifunzia, na sasa akili mnemba, vitu ambavyo wizara za elimu zinashawishiwa kuvinunua kwa wingi na kwa haraka. Sikuombi uvikatae. Nimefundisha kwa chaki na nimefundisha kwa projekta, na siwezi kudai kwamba enzi ya chaki tupu ilikuwa bora. Ombi langu ni moja tu: kila teknolojia inayoingia darasani ipimwe kwa kile ambacho mtoto anaweza kukifanya mwenyewe baada ya kuizima.

Ombi hilo laweza kuonekana dogo. Lakini angalia jinsi mafanikio ya miradi hii yanavyotangazwa. Taarifa huhesabu vifaa vilivyogawiwa, shule zilizounganishwa na intaneti, walimu waliopitia semina, akaunti zilizofunguliwa. Hiyo yote ni hesabu ya manunuzi. Haisemi popote kama mtoto wa darasa la nne sasa anajua kugawanya.

Peru ilitufundisha somo hili mapema. Nchi hiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa laptop za ule mradi wa kompyuta moja kwa kila mtoto uliotangazwa na Nicholas Negroponte, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 2005. Ziligawiwa zaidi ya 800,000. Watafiti wakafuatilia shule za msingi 319 za vijijini, nyingine zikiwa na laptop na nyingine zikiwa hazina, na matokeo yakatolewa mwaka 2012. Watoto waliopewa laptop walizitumia kweli, nyumbani na shuleni, na kulikuwa na dalili kwamba baadhi ya uwezo wao wa jumla wa kufikiri uliongezeka kidogo. Ila katika hisabati na lugha, masomo ambayo ndiyo yaliyokuwa yakililiwa, hapakuonekana tofauti. Laptop zilifika bila mpango wa kutosha wa kumwezesha mwalimu kuziingiza katika somo lake. Zilikaa pembeni ya ufundishaji, na ufundishaji ukaendelea vilevile.

Hiyo ni hatari ya kifaa kisichofanya chochote. Ipo nyingine ambayo mimi naiogopa zaidi, nayo ni kifaa kinachofanya kila kitu.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali, itolewe kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, walimu tumeanza kupokea kazi za nyumbani zilizonyooka ajabu. Hatua zote zipo, maelezo yanatiririka, jibu ni sahihi. Ukimwita mwenye daftari ubaoni umpe swali la aina ileile, hajui aanzie wapi. Simlaumu mtoto. Amepewa kitu kinachojibu kwa sekunde chache, na hakuna mtu mzima aliyekaa naye akamweleza kwamba zile dakika 20 za kukwama, kufuta na kujaribu tena ndizo zinazomfundisha. Hesabu haikai kichwani kwa kuitazama ikifanywa na mwingine. Inakaa kwa kuhangaika nayo.

Hayo si manung'uniko ya walimu peke yake. Watafiti walifanya jaribio katika shule ya sekondari nchini Uturuki, likihusisha karibu wanafunzi 1,000 wa hisabati. Kundi moja lilifanya mazoezi likiwa na programu ya akili mnemba ya kawaida, inayojibu kila inachoulizwa. Kundi la pili lilipewa programu ya aina hiyo, lakini ikiwa imeandaliwa kwa msaada wa walimu ili itoe vidokezo badala ya majibu. La tatu lilitumia vitabu na daftari tu. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na kundi la vidokezo likalizidi hilo la vitabu kwa asilimia 127. Waziri yeyote angeonyeshwa tarakimu hizo angesaini papo hapo. Kisha programu zikaondolewa, wanafunzi wakapewa mtihani. Wale waliozoea kupewa majibu walianguka chini ya wenzao wasiowahi kuigusa mashine, kwa asilimia 17. Kundi la vidokezo halikupata hasara hiyo. Na kilichonishtua kuliko vyote ni kwamba wale waliorudi nyuma hawakuhisi kuwa wamejifunza kidogo.

Naomba utulie kidogo kwenye hilo la mwisho, Mheshimiwa. Mtoto hawezi kutuambia kwamba amepoteza kitu, kwa kuwa hajui. Mzazi anaona alama za mazoezi zinapanda, naye anafurahi. Muuza programu anaonyesha grafu inayopanda, wala hasemi uongo. Usipoagiza wewe kwamba mashine izimwe na mtoto apimwe, hakuna mwingine katika mnyororo huu mwenye sababu ya kufanya hivyo.

Kipimo hiki hakikuwekwa ili teknolojia ishindwe. Zipo zilizofaulu, tena vizuri. Huko Delhi, India, wanafunzi wa shule za serikali walipewa nafasi bila malipo katika vituo vya masomo ya jioni vilivyotumia programu iitwayo Mindspark. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba mwanafunzi wa kawaida wa darasa la sita alikuwa nyuma kwa takriban madarasa mawili na nusu katika hisabati. Mwalimu wa darasa la sita atafanya nini na mtoto wa kiwango cha darasa la tatu, ilhali mtaala unamkimbiza na mtihani unamsubiri? Wengi wetu, nasema kwa uchungu, humwacha. Programu ile ilimpima kila mtoto, ikagundua alipoishia kuelewa, ikaanzia hapo. Baada ya miezi minne na nusu watoto walikuwa wamepanda sana katika hisabati na katika Kihindi, na walipimwa kwa mtihani wa karatasi na kalamu, nje ya ile programu. Ila katika kila kipindi cha dakika 90, dakika 45 zilikuwa za kompyuta na 45 zilizobaki zilikuwa za mtu, mkufunzi akiwa na kundi dogo. Anayekuuzia kompyuta atakusimulia nusu ya kwanza.

Na si lazima kifaa kiwe cha kisasa. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikosa madarasa, na dunia nzima ikakimbilia intaneti. Mwaka huohuo UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu walieleza kwamba theluthi mbili ya watoto wenye umri wa miaka 3 hadi 17, yaani watoto bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Masomo ya mtandaoni yaliwafikia waliokuwa mbele tayari. Nchini Botswana ilijaribiwa njia nyingine: simu ya kawaida. Kila wiki familia zilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hisabati, na baadhi yao wakapigiwa simu na mwalimu kwa dakika 15 hadi 20 ili kuyapitia maswali hayo pamoja na mtoto na mzazi. Waliopigiwa simu walijifunza. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha maendeleo ya kutajika. Sauti ya mwalimu ndiyo iliyoleta tofauti, na simu ilikuwa njia ya kuifikisha.

Kuna mahali ambapo kipimo changu hakifai, nami sitaki kitumike kumnyima mtu haki yake. Mtoto asiyeona anayesoma kwa programu inayomsomea maandishi ya kwenye skrini, mtoto asiyesikia anayefuata somo kwa maandishi chini ya video, mtoto ambaye mkono wake haushiki kalamu na anaandika kwa sauti: hawa hawapaswi kuzimiwa chochote, iwe darasani au kwenye chumba cha mtihani. Kwao kifaa ni mlango wa kuingilia darasani. Kama fedha ni chache, wao watangulie. Sijapata kuona mradi mkubwa wa vishikwambi uliowaweka watoto hawa kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuhusu simu na vishikwambi kuvuruga usikivu sitaongeza mengi, maana kila mwalimu anayajua. Katika PISA ya mwaka 2022, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, karibu theluthi mbili ya wanafunzi wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, walisema kuwa kutumia vifaa vya kidijitali huwatoa katika somo, angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Ufaransa ilipiga marufuku simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini mwaka 2018. Uswidi, iliyotangulia wengi kwenda kwenye skrini, mwaka 2023 ilianza kutenga fedha za kurudisha vitabu vya karatasi. Inatosha.

Linalohitaji mkono wako zaidi ni taarifa za watoto. Mwaka 2022 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu programu na tovuti za elimu ambazo serikali za nchi 49 ziliziidhinisha kwa ajili ya masomo wakati wa janga. Kati ya bidhaa 163 zilizochunguzwa, asilimia 89 zilikuwa na tabia zilizohatarisha au kukiuka haki za watoto kuhusu taarifa zao. Nyingi zilifuatilia watoto, au ziliweza kuwafuatilia, kimyakimya, bila idhini yao wala ya wazazi, na nyingi ziliyapa makampuni ya matangazo njia ya kuzifikia taarifa hizo. Mzazi angekataa vipi, wakati serikali yake ndiyo iliyosema mtoto asome huko? Kwa hiyo neno la wizara linaposema "tumieni hii", ujue kwamba limeshamwondolea mzazi nafasi ya kuchagua. Mkataba useme wazi kwamba taarifa za mwanafunzi haziuzwi, hazitumiki kwa matangazo, na hufutwa anapomaliza shule.

Tena, usikubali mashine iwe hakimu wa mwisho wa mtoto. Uingereza ilijaribu Agosti 2020, mitihani ilipofutwa na kanuni ya kompyuta ikatumika kupanga alama za wanafunzi wa kidato cha juu. Karibu asilimia 39 ya alama zilishushwa chini ya zile walizopendekeza walimu. Kwa vile kanuni ilitazama historia ya shule, mtoto hodari katika shule iliyozoea kufanya vibaya aliadhibiwa kwa makosa ya waliomtangulia. Matokeo yalitoka tarehe 13. Tarehe 17 serikali ikaufuta utaratibu huo, baada ya vijana kuandamana. Wale vijana walibahatika kwa kuwa uamuzi ulionekana, na wakaweza kuupinga barabarani. Programu inayompanga mtoto kimyakimya katika kundi la "wazito" haitaandamaniwa na mtu.

Ninajua utaambiwa kwamba kusubiri ushahidi ni kuchelewa, na kwamba watoto wetu wataachwa nyuma. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba bidhaa hizi hubadilika, kwa wastani, kila baada ya miezi 36, na kwamba ushahidi mwingi uliopo unatoka kwa walewale wanaoziuza. Nchini Uingereza ni asilimia 7 tu ya makampuni ya teknolojia ya elimu yaliyokuwa yamefanya majaribio ya kulinganisha makundi. Ukinunua leo kwa haraka kwa ajili ya nchi nzima, kabla ya hao watoto kumaliza shule utakuwa umeshaletewa toleo jipya, bila kujua kama la kwanza lilisaidia.

Basi naomba hivi. Anza na shule chache, zichaguliwe kwa kura, na zisiwe zile zilizo karibu na barabara kuu zinazofikiwa na wageni. Wapime watoto wote kwa karatasi kabla ya vifaa kufika, na uwapime pia wenzao wa shule ambazo bado hazijapewa. Mwishoni mwa mwaka wapime tena wote, vifaa vikiwa vimefungiwa kabatini. Sehemu ya fedha iende kwa mwalimu kabla ya kwenda kwa kifaa, na simaanishi semina ya siku mbili yenye vyeti, bali mtu wa kumtembelea darasani muhula mzima. Fundi, vipuri na umeme viwe ndani ya bajeti tangu mwanzo. Kabati lililojaa vishikwambi vilivyokufa betri ni sura ninayoijua vizuri mno. Programu yoyote ya akili mnemba itakayoruhusiwa kwa watoto ikaguliwe kwanza na walimu wa somo husika, na iwe na uwezo wa kukataa kutoa jibu.

Kisha matokeo yatangazwe, hata kama yatatuaibisha. Shule yangu ikiangukia kwenye kura, nitayaandaa madarasa yangu kwa vipimo vyote viwili, na sitaomba jina la shule lifichwe.

Wako katika kazi ya ualimu,

Mwalimu wa hisabati, shule ya sekondari