Barua ya malalamiko: ethi rodi iliyokatwa Bwiru

Mtaa wa Bwiru,
Ilemela, Mwanza.
17 Februari 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: ETHI RODI FUPI KWENYE MFUMO WA SOLA MLIOUFUNGA NYUMBANI KWANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Oktoba mwaka jana mlinifungia paneli sita, inveta ya kilowati 3 (inayogeuza umeme wa sola uwe wa kutumia nyumbani) na betri ya lithiamu. Sina ugomvi na umeme wenyewe. Friji linafanya kazi usiku kucha, na TANESCO wakikata, mimi huambiwa na majirani.

Ugomvi wangu uko ardhini. Wiki iliyopita fundi bomba alikuwa akichimba mtaro nyuma ya nyumba, sululu ikavunja kile kibonge cha saruji ambacho vijana wenu walikimimina kuzunguka ethi rodi, ile fimbo ya chuma inayopeleka ardhini umeme uliovuja. Rodi ikang'oka mkononi mwake kama karoti. Nimeipima: sentimita 38. Proforma yenu, ile hati ya bei mliyonipa kabla ya kazi, inasema mita 1.2, na ndiyo niliyoilipia. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) ninayo. Ncha ya chini imekatwa kwa msumeno, alama za meno bado zinaonekana. Ilikuwa imekalia jabali, na saruji ikamwagwa juu ili isiyumbe mtu akiishika. Mtu asiyejua kazi hafichi namna hiyo. Aliyefanya hivi alijua anachokificha.

Nilimpigia kiongozi wa wale mafundi. Jibu lake: "Mzee, Mwanza ni mawe kila kona, rodi haiingii. Wateja wote wa milimani tunawafungia hivyo." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayenielekeza njia, na ndiyo maana nimeamua kuandika badala ya kuendelea kupiga simu.

Kwamba Mwanza ni mawe, hata mtoto wa chekechea anajua. Nyie mna ofisi humu humu mjini, na kabla ya kunipa bei mlimtuma mtu kukagua eneo. Alisimama juu ya jabali hilo hilo akipiga picha za paa. Rodi ikigoma kushuka wima, kazi haijaishia hapo. Unachimba mtaro, unalaza waya wa shaba ndani ya udongo, au unashuka chini ya mteremko ambako udongo una kina na unyevu, unapiga rodi zaidi ya moja na kuziunganisha. Kwangu udongo huo upo, pale maji ya bafuni yanapoelekea, migomba imestawi. Kisha unapima kwa mita ya ethi na kumwandikia mteja ni omu ngapi, yaani ardhi inazuia umeme kiasi gani. Karatasi ya vipimo sikupewa, na sasa naelewa kwa nini.

Sijasema ethi inazuia radi isipige. Lakini radi zetu za ukanda wa ziwa hamhitaji kusimuliwa, na hata ikipiga jirani tu, mshtuko wake hupita kwenye nyaya hadi kwenye inveta. Kifaa cha kuzuia mshtuko mlichokifunga kwenye boksi la paneli kinategemea ethi ili kiutoe nje. Bila ethi nzuri ni pambo. Linalonikosesha usingizi zaidi ni fremu za paneli. Korongo wanachafua vioo, wadudu wa ziwani wanaganda juu yake, na kijana wangu hupanda na ndoo kuosha. Waya mmoja ukichubuka ukagusa fremu, ameshika chuma chenye umeme huku amelowa maji, juu ya bati.

Ninachodai ni hiki. Mje na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), asiwe miongoni mwa wale wa mwanzo, afunge ethi upya kwa njia inayofaa ardhi ya mawe, kwa gharama zenu. Apime mbele yangu na aniachie vipimo kwa maandishi, vikiwa na saini na namba ya leseni yake. Waranti ya inveta isiguswe kwa sababu ya kasoro hii. Pia nataka jibu la maandishi kuhusu hao "wateja wote wa milimani": mtawakagua lini? Wengine wana watoto wanaopanda kuosha paneli kama wangu, na hawana fundi bomba wa kuwafumbulia siri.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, maana masika hayako mbali. Zikipita kimya, nitaipeleka EWURA na Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na picha, proforma na risiti. Rodi yenyewe nimeifungia kabatini. Mkihitaji kuiona mnakaribishwa, ila haitatoka hapa.

Mfumo nimeuzima upande wa paneli hadi mtakapokuja, na paa ni marufuku kwa mtu yeyote wa nyumba hii.

Wenu,

Mteja wenu wa Bwiru
(jina, saini na namba ya mkataba vipo kwenye nakala niliyoileta kwa mkono)