Kwa mwenzangu wa kumbi moja ya jando

Newala, Jumapili usiku

Ndugu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umeona? Bado naikumbuka ile ya darasa la tano. Nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Chitanda, unisamehe. Simu ningepiga, lakini kuta za nyumba yangu unazijua, na haya sitaki mwanangu Salumu ayasikie.

Ni habari zake. Usishtuke, yuko hai, ni goti tu.

Msimu huu nilimwachia ile mikorosho 18 ya bondeni. Nikamwambia palilia, okota, peleka ghalani, hela ikiingia ni yako. Kazi aliifanya, sitamnyima haki yake. Hela ya mnada ilipoingia akaniaga anakwenda Masasi kununua simu. Karudi na pikipiki. Ya mkataba! Ile hela yote ilikuwa ya kutanguliza tu, iliyobaki analipa kila Ijumaa. Nikasema haya, kijana anataka kazi. Wiki tatu akaendesha kama imamu anayekwenda kuswalisha: kofia ngumu kichwani, mwendo wa taratibu, abiria mmoja. Mama yake akaanza kutamba kisimani.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita usiku wametoka ngomani, kapakia mshikaki, yeye na watoto wawili ambao baba zao unawajua vizuri. Wakakutana na pikipiki nyingine, wakaanza kushindana kwenye ule mteremko wa kuelekea Masasi. Unaujua mteremko wenyewe, mchana tu watu wanaushuka wakisoma dua. Kona ya pili wote watatu majanini. Mmoja kapoteza jino, pikipiki taa imekwenda na usukani umepinda. Nyumbani hakuja. Nimemkuta kwa shemeji, saa nne asubuhi, kajifunika shuka gubigubi anakoroma, na goti limefungwa khanga ya mke wa mjomba wake.

Nikamwamsha. Shemeji akanishika mkono, "Mwalimu, mwache. Huyu ameshatoka jandoni, ni mtu mzima. Deni lake atalijua mwenyewe." Na kwetu huku mjomba akishasema, baba unachukua kofia yako unaaga.

Mtu mzima. Siku ya nane leo nalala na neno hilo.

Mwezi uliopita walimu tuliitwa semina ya malezi. Nilifuata posho, wewe sikufichi. Mama mmoja mtaalamu akatueleza kwamba ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopanga mambo na kumwambia mtu ngoja kwanza, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote. Mtu anafika miaka 25 hivi bado inajengwa. Lakini ile ya kutaka raha na sifa, hiyo inawahi. Akasema huko Marekani waliwachezesha vijana mchezo wa gari kwenye kompyuta. Kijana akiwa peke yake alibahatisha kiasi kile kile cha mtu mzima. Walipomwekea wenzake wamtazame, akaanza kulazimisha kupita taa ikishageuka njano. Ukumbini nilicheka. Sasa hesabu mwenyewe: wiki tatu za peke yake, usiku mmoja wa mshikaki.

Hata ule usingizi wa saa nne ana maelezo yake. Eti mwili wa kijana wenyewe unachelewesha usingizi usiku, kwa hiyo asubuhi ndiyo anaufidia. Hilo sikumwambia shemeji. Wala mke wangu, maana angeacha kabisa kumwamsha.

Lakini Bakari, sisi tuliambiwa tu watu wazima tukiwa na miaka 11! Mwaka 1984, unakumbuka? Kibanda kinawaka moto nyuma yetu, tumevishwa nguo mpya na tumepewa majina mapya, na tumeonywa tusigeuke, atakayegeuka anabaki mtoto. Wewe uligeuka. Nilikuona. Miaka 40 sijamwambia mtu. Na bibi yako hakuacha kukuita Kadudu mpaka anaingia kaburini, labda alijua. (Aliyelia usiku wa tatu akimtaka mama yake hatumtaji, na mengine ya kule tusiyaandike, barua husomwa.)

Halafu 1994 ukiwa na miaka 21, mtu mzima wa miaka kumi tayari, ukauza korosho za mabati ya mama ukanunua redio kaseti. Kila asubuhi tukaanika betri juu ya jiwe zipate jua, jioni tukacheza mpaka wimbo unavuta kama mgonjwa. Mama masika ile alilala na sufuria pembeni ya kitanda ikikinga maji. Alikufukuza? Mabati ulikuja kuyanunua baada ya misimu miwili, hukuambiwa na mtu.

Ndiyo maana nashindwa kumjibu shemeji. Serikali nayo hainisaidii. Anapiga kura akiwa na 18, lakini Sera ya Vijana ya mwaka 2007 inamwita kijana kuanzia 15 hadi 35. Mimi nikiwa na 35 nilikuwa na watoto watatu na kiuno kinauma. Na sasa mke wa shemeji anataka binti yangu Zuhura achezwe unyago shule zikifungwa Desemba. Yuko darasa la tano! Kuchezwa achezwe, lakini asije mtu kuniambia na huyu amekuwa mtu mzima, posa ikafuata. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti aolewe na miaka 15, Mahakama ya Rufani ikalikataa hilo mwaka 2019. Hapo mjomba asijaribu, nitakufa naye.

Narudi kwa Salumu. Tulipotoka kumbini, unamkumbuka Mzee Nambuta alivyotugawia mikorosho mitano mitano? Kila jioni anakuja na fimbo yake, anagonga shina moja moja anahesabu uliyopalilia. Alikuja mpaka tukaanza kuota ndevu. Tulimchukia mzee wa watu. Salumu alitahiriwa hospitali akiwa na miaka saba, akapelekwa kumbini siku kumi za likizo, akarudi na nguo mpya na jina. Fimbo ya kugonga mashina hakuna aliyemletea. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto wa wenzangu.

Kwa hiyo nakuomba, mchukue hapo Mbagala kwenye karakana yako ya mageti, hata miezi sita. Mshahara usimpe mkubwa. Mwanao huyo, tulimwaga damu pamoja. Nikikaa naye mimi tunagombana, kwa mjomba wake anaitwa mtu mzima na kupelekewa uji kitandani.

Una nafasi ya kulala pale nyuma, au bado wapo wale vijana wa Nachingwea? Shemeji Rehema ataridhika? Pikipiki nimrudishie mwenyewe na hasara, au nimwache aendelee kulipa akiwa huko? Nimwambie umemwita wewe, au nimwambie nimekuomba? Na hivi, wewe ulianza lini kujiona mtu mzima? Ile redio iko wapi?

Nijibu kabla ya Ijumaa, siku ya marejesho, maana jamaa wa mkataba ameanza kupita mbele ya nyumba bila kusalimia.

Wako wa kumbi moja,
Mwalimu