Malta sawa, lakini Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, huku sote wazima, ila magoti yangu ambayo habari zake unazo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nikija Hamburg kukuona, wasema, tuchukue siku tano tukatembee Malta, mwezi wa Agosti, hoteli ya ufukweni yenye bwawa la kuogelea. Malta nimekubali. Hayo mengine tuelewane.

Agosti hapana. Joto silo la kunitisha, lakini kile kisiwa ni mawe, hakina hata mto mmoja, na mwezi huo nusu ya Ulaya inahamia huko. Twende Oktoba. Bahari haijapoa, na ni msimu wa lampuki, samaki ambao Wamalta huwangoja mwaka mzima. Nimeangalia picha: ni fulusi wetu huyu huyu, paji lake kama ukuta. Tutaona kama wanajua kumpika. Na hilo bwawa lifute kabisa. Mtu wa Lamu avuke bahari mbili kwenda kisiwani akaoge bwawani? Hata paka wa mtaani watanicheka.

Viza niachie, safari hii sibahatishi. Ile niliyonyimwa kosa lilikuwa langu, bima niliifanya hafifu. Sasa nimeshajua: iwe ya kuanzia yuro 30,000, na maombi yaende kwa Wajerumani kwa kuwa kwako ndiko nitakakokaa siku nyingi. Malta iliingia Schengen mwaka 2007, kwa hiyo viza hiyo hiyo itanifikisha.

Wewe kazi yako ya kwanza, kabla ya ndege na kabla ya kitanda, ni tikiti za Hypogeum ya Ħal Saflieni. Ni makaburi ya chini ya ardhi, pale mji wa Paola. Watu waliyachonga ndani ya mwamba zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, bila chuma, orofa tatu kwenda chini, na waliozikwa humo wanakadiriwa kufika 7,000. Yaligunduliwa 1902 na mafundi waliokuwa wakichimba birika za maji za nyumba. Huingiza watu kumi kumi, na kwa siku ni wachache tu, kwa sababu pumzi za wageni zinakula michoro myekundu iliyo darini. Ukingoja mpaka tufike hupati kitu. Na ukipata ya Ijumaa asubuhi, kata hiyo hiyo: msikiti wa Mariam al-Batool uko Paola pia, tutoke kwa wafu twende tukaswali.

Kilichonipeleka huko, nikuambie kweli, ni kidude kimoja cha udongo kilichotoka humo, sasa kiko jumba la makumbusho la Valletta. Hakizidi kiganja. Ni mwanamke mnene amelala ubavu juu ya kitanda, mkono mmoja chini ya kichwa. Analala vile vile alivyokuwa akilala bibi yako barazani baada ya chakula cha mchana, ambapo hata kuku tuliwafukuza kwa ishara.

Lugha yao itakuchekesha. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa il-Ġimgħa, bahari baħar, dunia dinja. Waarabu waliingia 870, Wanormani wakawashinda 1091, dini ikaondoka na lugha ikabaki. Mji wao mkongwe mpaka leo ni Mdina. Na Wakatoliki hao Kwaresima wanaiita Randan! Nilimwambia jirani yetu wa kanisani, akasema basi tumekuwa tukifunga pamoja bila kujua. Yeye naye akanifungulia Matendo ya Mitume, pale Paulo alipovunjikiwa na merikebu, watu 276 wakaokoka wote, wakaambiwa kisiwa chaitwa Melita. Ameniagiza kijiwe cha huko. Usinisahaulishe.

Valletta tutaizunguka polepole. Iliwekwa jiwe la msingi 1566, mwaka mmoja baada ya wale Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji watawa wa Kikatoliki waliokuwa wakikitawala kisiwa, kuuhimili mzingiro wa Waturuki. Mchoro ni wa Mtaliano, Laparelli. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa 1593, nayo ni kazi ya Mtaliano, kwa hiyo pembe zile kali za ngome utazitambua mara moja. Lakini kiongozi wa watalii atakayenihesabia mashujaa tu simtaki. Mashujaa hao waliteka Waislamu baharini wakawatumikisha makasia; mwaka 1749 watumwa walipanga uasi, siri ikavuja, wakauawa kwa mateso. Walioachiwa huru, aliwaachia Napoleon 1798. Mimi nataka kuonyeshwa walikolala watumwa. Nami sisemi hivi kwa kuwanyooshea Wamalta kidole, maana majumba mazuri ya kwetu nayo twajua yalijengwa kwa jasho la nani.

Gozo, kisiwa chao cha pili, tutaamua huko huko, magoti yakikubali. Lile dirisha la mwamba la Gozo ulilonitumia picha yake, lakini, lilianguka baharini Machi 2017. Anayekuuzia safari ya kwenda kuliona anakuuzia maji.

Gari usikodi. Wanaendesha kushoto kama sisi, ila mabasi yanatosha, nchi nzima kilomita za mraba 316. Zile sambusa zao za jibini au njegere, pastizzi, tutauliza kwanza mafuta, maana wengine hutumia ya nguruwe.

Jumapili ndiyo siku yangu, usinipangie lolote. Tutakwenda Marsaxlokk asubuhi, kwenye soko la samaki. Bandarini zimefungwa luzzu, mashua za mbao za manjano, nyekundu, kijani na buluu, na kila moja ina macho mawili ya kuchonga omoni. Wenyewe husema ni jadi ya Wafinisia. Babu yako alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, na wewe hukumkuta. Jicho ndilo lililokuwa kazi yake ya mwisho. Alikata duara la mbao, akalilaza pajani, akalipaka nyeupe, akangoja likauke, kisha akatia mboni nyeusi kwa mkono mmoja bila kuinua brashi. Watoto tulikatazwa kusema mpaka amalize. Akishapigilia la pili, alirudi nyuma hatua kama kumi akakaa mchangani kuliangalia jahazi, nalo likimwangalia.

Nataka kukaa pale nitazame zile luzzu. Na wewe mwenye Kiingereza cha haraka, unitafutie mzee mmoja unimuulizie: macho haya hupakwa na nani, fundi au mwenye chombo, na hupakwa mwanzo au mwisho?

Chumba kiwe orofa ya chini. Nimeona picha za mitaa ya Valletta, mingine ni ngazi tupu, na hizo zitanitosha.

Mamako