Mama, figo sikuuza

Assalaam alaykum Mama yangu, nakushikia miguu. Rukia, wewe ndo utamsomea, basi nakuomba msomee yote, usiruke mstari wala usilainishe maneno, na someni nyinyi wawili tu chumbani kabla hamjawaita wengine.

Kwanza pesa. Laki sita za mabati nimeshatuma jana kwa namba ya Rukia, na za fundi ntatuma mwisho wa mwezi tukishalipwa. Na hii pesa Mama nataka uijue imetoka wapi. Ni ya upatu. Tuko watu kumi tunacheza tokea Januari, kijumbe wetu ni Bi Asha mke wa Hemedi wa Malindi, unamjua, mpigie muulize zamu ya mwezi huu ilikuwa ya nani. Nakwambia hivi kwa sababu nimesikia. Haji kanitumia voisi ya dakika nne nzima, kwamba kwenye grupu la ukoo watu wanasema nyumba ya Fuoni inaezekwa kwa figo ya mtoto, kwamba mimi nimemuuzia Seif, mtoto wa mke mwenzako Bi Zuhura, figo kwa pauni elfu thelathini na ndo maana mwaka huu nimekuwa na mkono mwepesi. Niliisikiliza ndani ya gari pakingi ya kazini, nikakaa pale mpaka shifti ikaanza bila mimi. Sijawahi kuchelewa kazini Mama, miaka saba hii, siku ile ndo mara ya kwanza.

Sasa nakueleza ilivyokuwa, na nakueleza wewe, si grupu.

Ramadhani ya mwaka jana tulialikwa futari kwa Bi Asha na Seif alikuwepo. Mimi sikumjua Mama. Namwambia Salma yule mzee pale pembeni ni nani, kumbe ni Seif, mdogo wangu kwa miaka miwili. Kakonda, uso umekuwa mweusi wa majivu, na mkononi kavimba mishipa kama kamba pale wanapomchoma sindano. Ikapitishwa sahani ya tende, akachukua moja akaikata nusu, nusu nyengine akairudisha. Madafu ya kopo hakugusa. Nikamuuliza, akanambia madafu na ndizi na tende vina potasiamu, figo zikishakufa haitoki mwilini, inapanda mpaka moyo unasimama. Maji anapimiwa kwa siku, vikombe vichache tu, na hapo na uji na chai vimo ndani ya hesabu. Mara tatu kwa wiki anakwenda kulala kwenye mashine masaa manne damu itoke isafishwe irudi. Alikuwa na miaka mitatu kwenye hali hiyo. Foleni ya kungoja figo ya maiti kwa watu wa rangi yetu ni ndefu zaidi, kwa sababu figo inayokubali vizuri mara nyingi hutoka kwa mtu wa asili moja na wewe, na watu wa asili yetu wanaotoa ni wachache.

Mwanaisha ana sukari, yeye hawezi kutoa. Mke wa Seif damu yake haiendani. Watoto wake bado wadogo. Nani kabaki? Nilirudi nyumbani usiku ule sikulala, na nisikufiche, nilikuwa nakumbuka arubaini ya Baba na yale maneno ya barazani. Hayo sijayasahau, Seif alisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya mama wa mtu, na habari ya shamba la Kiboje mpaka leo inanikaa rohoni. Lakini Mama, ningengoja amalize kuomba msamaha ndo nimpe figo? Angekufa.

Vipimo vilichukua miezi. Damu, mkojo, moyo, picha za ndani, mpaka daktari wa nafsi. Na hapa ndo nataka wale wa grupu wasikie. Huku Uingereza kuuza kiungo ni jinai, sheria yao ya mwaka 2004, kifungo mpaka miaka 3, anayeuza na anayenunua. Kabla ya opresheni lazima mtoaji na mpokeaji wahojiwe na mtu asiyehusika na timu ya madaktari wanaopandikiza, kila mtu peke yake halafu pamoja. Alitukalia mwanamke wa makamo, mpole lakini anauliza mpaka unatoka jasho. Umeahidiwa nini? Una deni? Nani kakushurutisha? Ukighairi asubuhi ya opresheni unajua kama unaruhusiwa? Akataka ushahidi kuwa sisi ni ndugu. Vyeti vya kuzaliwa tulikuwa navyo, jina la Baba ni lile lile, lakini akataka na picha ya udogoni. Tukatafuta picha mimi na Seif, Mama, miaka yote ile tumepata moja tu. Ile ya Iddi Mnazi Mmoja, Baba kasimama nyuma, sisi mbele tumeshika maputo na tumevaa zile kofia za viua. Zile ulizishona wewe, mbili, kwa uzi mmoja. Moja yangu na moja ya mtoto wa Bi Zuhura, na mwaka ule ndo mwaka ambao wewe na Bi Zuhura mlikuwa hamsemeshani. Yule mwanamke aliyetuhoji akaitazama muda mrefu, akauliza kofia kashona nani, nikamwambia mama yangu. Akauliza zote mbili? Nikasema zote mbili. Akaandika.

Kwa hiyo Mama wakikwambia nimeuza, ushahidi kuwa sikuuza ni kofia yako.

Opresheni yenyewe sina cha kusema kirefu. Matundu madogo na mkato mmoja chini ya tumbo, wametoa figo ya kushoto, siku nne hospitali, wiki sita sikunyanyua kitu kizito, maumivu yalikuwepo yamepita, nimesharudi kazini na mwezi uliopita wamenifanya supavaiza wa shifti ya usiku. Hilo la usupavaiza mtangazie mtaa mzima, sikukatazi. Na jengine la kutangaza: figo ya mwanao imeanza kazi pale pale kitandani, kabla hawajamaliza kushona mkojo ushatoka. Krietinini ya Seif, ule uchafu wa damu ambao figo nzima huutoa, ilikuwa inapita 900, sasa iko 118. Daktari kasema nimempa figo safi kama ya kijana wa miaka ishirini. Mimi sinywi, sivuti, nimekulia samaki na mboga za Mama, angetegemea nini? Seif kanywa birika zima la chai mbele yangu akawa analia. Vidonge atameza maisha yake yote ili mwili usiikatae, lakini mashine haendi tena.

Sasa Ami. Nimeisoma ibara aliyotuma, ile ya Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, kwamba mtu kujikata kipande cha mwili kwa ajili ya mwengine ni haramu. Sisemi Ami kazua, ipo kweli, na yeye ni mtu wa darsa kuliko mimi. Kilichoniuma ni kuituma kwenye grupu la watu sitini bila kunipigia hata simu moja. Kabla sijasaini kitu chochote nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu hapa, na yeye ni Shafii kama sisi, akafungua kitabu hicho hicho. Akanambia angalia mlango uliomo. Ni mlango wa vyakula, mtu kashikwa na njaa ya kufa porini, je ajikate nyama amlishe mwenzake? Imamu Nawawi kasema hapana. Lakini mstari huo huo kasema mtu kujikata kwa ajili ya kujiokoa mwenyewe inajuzu, kwa sharti hatari ya kukata iwe ndogo kuliko hatari ya njaa. Sheikh akasema, unaona, Imamu alikuwa anapima madhara. Zama zile ukimkata mtu paja porini umemuua, hapana dawa ya usingizi hapana ya kuzuia usaha. Leo mtoaji anapimwa miezi, na wakiona hatari kubwa kwake wanamrudisha nyumbani. Akanionesha kuwa maulamaa wa Saudia walipitisha tokea 1982, na Baraza la Fiqhi la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Jeddah Februari 1988, maulamaa pamoja na madaktari, wakasema inajuzu aliye hai kutoa kiungo ambacho uhai wake hausimamii juu yake, kwa ridhaa yake, bila ya kumdhuru, na kuuza ni haramu kwa sababu mwili wa binadamu si bidhaa. Kwa hiyo wanaosema nimeuza hawanituhumu ujinga tu, wananituhumu haramu, na watakuja kuulizwa.

Wapo waliokataa, najua. Sheikh Shaarawi wa Misri alikataa mpaka anakufa, alisema mwili ni wa Mungu utatoaje usichokimiliki. Hiyo hoja ilinikesha usiku mwingi Mama. Mwisho nilichokishika mimi ni kuwa hata pesa si yangu, ni ya Mungu, na bado nimeamrishwa nitoe. Na ile aya ya Al-Maida uliyokuwa ukitusomea, mwenye kumuokoa mtu na mauti ni kama amewaokoa watu wote, sikuona kama imembagua mtoto wa mke mwenza.

Rukia kanambia wewe mwenyewe Mama uliuliza swali moja tu, mwanangu atafufuliwa vipi hajakamilika. Swali hili limenitoa machozi kuliko maneno yote ya grupu, kwa sababu uliuliza kwa ajili yangu. Mama, kumbuka Sayyidna Hamza siku ya Uhud walivyompasua tumbo. Kumbuka Jaafar bin Abi Talib, alikatwa mikono yote miwili kwenye vita vya Muta na Mtume akasema kapewa mbawa mbili peponi. Nani amesema hao watafufuliwa pungufu? Na sura ya Kiyama si inasema tunaweza kuzisawazisha hata ncha za vidole vyake? Aliyeumba figo hawezi kushindwa kuijua ni ya nani, hata iwe imezikwa na Seif.

Kosa langu ni moja, na hili silitetei. Sikukwambia kabla. Nilijiambia ni presha yako, nisikupandishie, lakini ukweli niliogopa utasema hapana, na ungesema hapana mimi ningeshindwa kuendelea. Umekuja kusikia kwa mtu wa dukani. Hilo ndo linalonichoma mpaka leo. Sheria yao haikutaka ruhusa yako, na sheikh kanambia mtu mzima anajitolea mwenyewe, lakini radhi yako ni jambo jengine na sina wa kuniombea isipokuwa mimi. Nakuomba radhi Mama. Sikuombi useme nimefanya vizuri, nakuomba radhi tu.

Na kwa vile safari hii sitaki usikie dukani, nakwambia na hili lililobaki. Tokea Mei 20, 2020 sheria ya England imegeuka, mtu mzima akifa bila kusema chochote wanamhesabu kuwa kakubali kutoa viungo, japo watu wake huulizwa. Kwa hiyo kukaa kimya huku nako ni jibu. Mimi nimejiandikisha nikakubali, na kwenye fomu nikaweka alama kuwa dini yangu izingatiwe. Kuna khitilafu hapa. Wapo maulamaa waliokubali kuwa ubongo ukifa basi mtu kafa, Baraza lile lile la Fiqhi lilisema hivyo Amman mwaka 1986, na hapa Uingereza Baraza la Sharia la Waislamu mwaka 1995. Lakini Mufti Zubair Butt wa hapa hapa, fatwa yake ya 2019, yeye kasema mpaka moyo usimame na usiwe wa kurudi. Moyo wangu umetulia kwa huyu wa pili. Nimemwambia Salma, moyo ukisimama wachukue cha kusaidia mtu, sehemu za uzazi wasiguse, halafu nioshwe nisaliwe nizikwe upesi. Wakiwa na haraka ya kunihesabu maiti huku kifua kinapanda na kushuka, aseme hapana.

Najua hutaki kusikia habari za kufa kwangu, na mimi sina hamu nazo. Nna hamu na mkate wa kumimina wako. Huku mvua ya baridi wiki ya tatu, jana nimepita duka la Wahindi nikasikia harufu ya karafuu nikasimama pale kama mtu aliyepotea njia. Disemba nikijaaliwa nakuja, mimi na Salma na watoto, na nimeshaanza kuweka nauli.

Seif ananiuliza kila siku kama anaweza kukupigia. Anasema ana maneno yake ya arubaini ya Baba anataka kuyarudi mwenyewe kwa mdomo wake, na mimi nimemwambia sijui, nitauliza. Kamuuliza daktari kuhusu kusafiri, daktari kasema mwaka huu asitoke. Kwa hiyo ni simu tu. Nimempa Ijumaa baada ya sala, saa tisa za huko. Ukiona namba inaanzia na arubaini na nne ambayo huijui, ni yeye. Kama hutaki kupokea basi mwambie Rukia anitumie meseji kabla, nitajua la kumwambia.

Mwanao,
Suleiman