Baba, usinunue mota bado

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo inatutafuna masikio. Mama ameniambia kwamba waipa ya nyuma ya gari lako imegoma, na fundi ameshatoa hukumu: mota imekufa, inunuliwe nyingine. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe lina mpangilio wake na wewe hupenda kurukia mwisho. Soma hii yote kwanza, hela ikae mfukoni.

Na mimi mwezi uliopita niliambiwa maneno hayohayo. Unajua gari langu nalo lina mgongo uliokatwa wima kama lako. Gari la namna hiyo likikimbia, hewa inajikunja nyuma yake na kurudisha uchafu wote kwenye kioo. Gari lenye buti refu halipati shida hiyo sana, ndiyo maana mengi hayawekewi waipa ya nyuma kabisa. Msimu huu barabara za huku zinamwagiwa chumvi zisigande, kwa hiyo bila waipa kioo kinageuka cheupe baada ya safari fupi tu. Asubuhi moja niliwasha, ikapanda mpaka katikati ya kioo, ikasimama hapohapo. Nikazima, nikawasha. Kimya.

Nilianza ulivyonifundisha: fyuzi. Kwa kweli nilitegemea iwe imeungua, maana baridi ikikaza, mpira wa waipa unagandamana na kioo, na mtu akiwasha kwa haraka mota inasukuma kisichosukumika. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikabadilisha hata hivyo, nikaweka nyingine ya ampea zilezile. Hakuna kitu.

Kisha nikasikiliza, nikiwa nimezima injini lakini nimewasha waipa, sikio kwenye mlango wa nyuma. Hili wewe pia lifanye, halina gharama. Ukisikia mota inanguruma na mkono wa waipa hausogei, umeme unafika. Kagua nati iliyo chini ya kile kifuniko cha plastiki, pengine imelegea, au meno ya shafti, kile chuma kinachozungusha mkono, yamelika. Yangu haikunguruma. Basi nikabandua plastiki ya ndani ya mlango (vibanio viwili vilivunjika, usiniulize), nikachomoa soketi ya mota, nikaweka mita. Volti 12.4.

Hapo ndipo nilipopotea. Nilijiambia: umeme umefika, mota haizunguki, basi mota ndiyo mbovu. Nikaenda gereji kupata uhakika. Fundi akapima palepale nilipopima, akaona nilichokiona, akasema nilichokisema. Sidhani kwamba alitaka kuniibia. Mita ilitudanganya wote wawili.

Kilichoniokoa ni ubishi niliourithi kwako. Kabla ya kutoa hela nilifungua boliti tatu, nikaitoa mota, nikaipeleka moja kwa moja kwenye betri kwa vipande viwili vya waya. Ikazunguka. Tena kwa nguvu. Nilikaa nayo mapajani ikiwa bado ya moto kidogo, nikajiuliza: kama mota ni nzima na umeme unafika, ni nini kinachokataa?

Jibu nilikuja kulipata niliporudisha mota kwenye soketi na kupima tena, safari hii waya zikiwa zimeunganishwa na waipa imewashwa, ncha za mita nimezichomeka kwa nyuma ya soketi. Zile volti 12.4 zikaanguka mpaka 3 na kidogo. Ni kama bomba la maji lililoziba, Baba. Ukifunga koki, kipimo cha presha kitakuonyesha kwamba mambo ni shwari. Ukifungua ujaze ndoo, yanatoka matone. Mita yenyewe haivuti umeme wa kutosha kulitambua hilo. Unyuzi mmoja tu wa shaba ukibaki ndani ya waya unatosha kuiridhisha mita, ila hautoshi kuzungusha mota.

Na unyuzi huo ulikuwa wapi? Fungua mlango wako wa nyuma, tazama juu karibu na bawaba. Kuna bomba la mpira lililokunjamana linalofunika nyaya zinazotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Kila unapofungua na kufunga, nyaya hizo zinakunjwa palepale. Miaka ikipita, plastiki inapasuka, kisha shaba inakatika unyuzi baada ya unyuzi. Nilivuta ule mpira nikakuta nyaya tatu zimepasuka, na ule wa waipa umebaki kama uzi wa buibui. Ningekuwa na akili ningeanza hapo: washa waipa, halafu pandisha na kushusha mlango taratibu. Ikishtuka hata mara moja, umeshampata mwizi.

Kabla hujakata waya wowote, toa waya hasi wa betri. Usiunge tu kwa kusokota na kufunga solotepu, maana pale panapojikunja kiungo hicho hakitadumu, na nyaya mbili zikigusana utaanza kuunguza fyuzi. Mimi nilikata sehemu yote iliyochoka, nikaweka kipande kipya cha waya laini wenye unene uleule, nikaunga kwa risasi, viungo vikae ndani ya bodi na ndani ya mlango, mbali na mkunjo. Viungo visikae mstari mmoja, la sivyo bomba la mpira halitapita. Fanya waya mmoja mmoja, umalize, uende mwingine. Ukikata zote kwa pamoja, rangi zitakuchanganya.

Huna mita, najua. Chukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, uunge nyaya mbili. Kwa kazi hii naiamini kuliko mita, kwa sababu inavuta karibu ampea 2. Iweke kwenye soketi ya mota waipa ikiwa imewashwa, kati ya waya wa umeme na ule wa ethi, yaani unaorudisha umeme kwenye chuma cha bodi. Ikiwaka kwa nguvu, nyaya ni nzima na fundi wako ana haki. Ikiwaka kwa huzuni au isiwake, hamisha mguu wa ethi uguse chuma kisicho na rangi. Ikichangamka hapo, ujue waya wa ethi ndio umekatika. Isipochangamka, fuata waya wa umeme mpaka kwenye bawaba.

Na mota inaweza kweli kufa, sikatai. Pale shafti inapotokea nje kuna mpira wa kuzuia maji. Ukichoka, maji yanaingia na kutu inaikamata shafti. Lakini usijaribu kuuzungusha mkono wa waipa kwa nguvu ili kujua. Ndani kuna gia ya parafujo isiyopenda kurudishwa kinyume, utavunja meno na kujitafutia msiba wa pili.

Mkono nao una ujanja wake wa kurudisha. Washa mota bila mkono, zima, iache ifike yenyewe mahali pake pa kulala, ndipo uuvike mkono katika mkao wa kupumzika. Mimi kwa furaha niliuvika tu, nikawasha, ukapiga ukingo wa bodi kwa kishindo mpaka jirani akachungulia dirishani. Ile alama kwenye rangi bado ipo.

Mwambie fundi asubiri hadi Jumapili. Ukishafungua ule mpira wa bawaba, nipigie picha kabla hujakata waya wowote, na balbu usisahau kuirudisha kwenye taa yake. Mama umsalimie sana, na umwambie ile plastiki ya mlango aishike yeye wakati unaibandua, wewe huna subira.

Binti yako