Simu ya 3G haitafuti nguvu ya mnara peke yake

Mhariri, naomba nichangie kidogo, maana watu wengi wanadhani simu ya 3G ikiwashwa inatafuta tu mnara wenye nguvu basi imemaliza, hapana jamani, kazi ngumu ni kwenda sawa na mnara kwa muda. Minara ya 3G inaweza kurusha kwenye masafa yale yale, kila mmoja na msimbo wake, yaani mfuatano wa alama unaoutambulisha, na msimbo unakimbia chipu (vipande vidogo vya huo msimbo, siyo chipu ya kifaa) milioni 3.84 kwa sekunde, sasa simu ikipishana nao hata chipu moja tu inasikia kelele tupu, na chipu moja ni muda ambao wimbi linasafiri kama mita 78, fikiria!

Kwa hiyo inaanza na msimbo mwingine, mfupi, wa chipu 256 ambao minara yote inao, ikiupata inajua wapi pa kuanzia, halafu inatambua kundi la misimbo ya minara, yako 64, kila kundi lina misimbo 8, inaijaribu hiyo 8 na hapo ndo inaujua mnara wake. Bila hilo kundi ingebidi ijaribu yote 512, betri ingekoma!

Na ikishashika haipumziki, ukiwa kwenye daladala umbali unabadilika kila saa, hivyo inapima nusu chipu mbele na nusu chipu nyuma, upande mmoja ukisikika kwa nguvu zaidi inajisogeza huko. Hata mwangwi wa mawimbi yanayogonga maghorofa na kuchelewa, inaupanga na kuujumlisha, hii mi ndo naipenda zaidi.

Msomaji wenu, Dar es Salaam